Nilimsikia akigonga kitanda, nikanyamaza

Shikamoo mama,

Nakuandikia saa tisa usiku. Ndiyo saa yangu ya kumgeuza mgonjwa, na nikishamgeuza usingizi haurudi tena.

Nina miaka 38, nimeolewa Kibosho. Mume wangu ni kitinda mimba. Kwa mila za huku, kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, hubaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume, na anayebaki na kihamba ndiye anayebaki na wazazi. Nililijua hilo tangu naolewa na sikulinung'unikia. Baba mkwe alifariki mapema, mama mkwe tukaishi naye vizuri. Ndiye aliyenifundisha kupika mtori usio na madonge, na ndiye aliyekaa nami wodini siku tano nilipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji. Naanza na hayo usije ukadhani namchukia.

Mwaka wa tatu huu kiharusi kimemlaza. Alianguka akikata majani ya ng'ombe. Alikuwa na presha, na dawa alishaziacha kwa kuwa alijisikia mzima. Upande wa kulia wote umepooza, maneno yamempotea. Amebakiwa na "eee" tu, analitumia kwa kila kitu. Mkono wa kushoto ni mzima, na akihitaji kitu hugonga ubao wa kitanda.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza mitumba soko la Memorial, Moshi mjini. Meza yangu nilishamwachia mtu. Naamka saa kumi na moja alfajiri, namvua pampasi, namwosha, namlisha uji kijiko kwa kijiko, na hilo peke yake linachukua saa nzima. Watoto waende shule, ng'ombe wale, mashuka yafuliwe, nimgeuze, nimlishe, nimgeuze. Mume wangu ni fundi ujenzi, anatoka asubuhi anarudi jioni. Anasema mtoto wa kiume kuona uchi wa mama yake ni laana, kwa hiyo chumba kile haingii ila kusalimia akiwa mlangoni.

Ndugu zake wako wanne. Wifi mkubwa na shemeji mmoja wako Dar, mwingine Arusha, wifi wa pili Mwanza. Pesa hutuma wakikumbuka. Pakiti ya pampasi za wakubwa kumi nanunua elfu ishirini, nikijibana sana inafika siku nne. Siku hizi nakata mashuka ya zamani.

Desemba walipanda wote kama kawaida. Siku ya pili ya Krismasi, wageni wamejaa, wifi mkubwa akaingia kwa mama, akafunua shuka, akaona kidonda mkiani. Akatoka nje akasema kwa sauti: "Mama yangu anaozea mikononi mwako huku mnakula kihamba chake." Hakuna aliyemjibu. Mume wangu aliangalia chini. Mwaka mpya ulipopita wakaondoka, wakaniachia poda ya mitishamba ya kunyunyizia kidonda na kanga mbili.

Sasa ninalotaka kukuambia ni hili. Wiki mbili baadaye mtoto wangu mdogo alikuwa na homa, nilikuwa sijalala usiku wa pili. Kama saa saba nikasikia mama mkwe anagonga. Nilijua amelowa. Nilikuwa macho kabisa, mama, sikuwa usingizini. Nikajivuta blanketi hadi kichwani. Akagonga, akapumzika, akagonga. Moyoni nikasema, Mungu, mchukue tu. Kisha akaacha. Nilienda kulipopambazuka, mkojo umeshuka hadi kwenye godoro, na yeye ananitazama. Hakusema hata "eee". Tangu siku hiyo hagongi tena usiku.

Sijathubutu kumwambia hata padri. Je, mimi nimekuwa muuaji? Mama yangu mzazi anataka nirudi nyumbani kabla sijafa mimi kwanza. Kifua kinanibana na machozi yananitoka hata nikikamua ng'ombe. Kuna mahali wanapopokea wagonjwa kama hawa? Na nikimwomba msamaha mtu asiyeweza kunijibu, kuna maana?

Mkamwana, Kibosho

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye blanketi nikakaa chini. Nilimuuguza baba yangu mwaka mmoja na miezi miwili. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeingia kwenye uti wa mgongo, miguu ikafa. Upo usiku niliokwenda kukaa jikoni, nikafunga mlango na kufungulia redio nisimsikie akiita. Na sisi tulikuwa mabinti watatu tukipokezana wiki kwa wiki.

Sitakuambia kwamba hukukosea. Ulikosea, unalijua, ndiyo maana hulali. Ngozi yenye kidonda ikilala kwenye mkojo mpaka asubuhi inaumia zaidi. Lakini muuaji hakai miaka mitatu akilisha uji kijiko kwa kijiko. Na kumwomba Mungu amchukue mgonjwa ni maneno ambayo nimeyasikia kwa wauguzaji wengi wa majumbani, wakiyanong'ona kama wameiba. Aliyechoka kupita kiasi anaomba mateso yaishe, ya mgonjwa na yake, na kwa saa ile haoni mlango mwingine wa kuishia.

Tuhesabu kidogo. Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Ni mara kumi na mbili kwa siku, ni mara 4,380 kwa mwaka mmoja. Hapo hujamlisha, hujamwosha, hujafua shuka hata moja. Hospitalini kazi hiyo hufanywa na watu wa zamu tatu, na kila zamu ikimaliza inakwenda nyumbani kulala. Wifi yako alipofunua shuka aliona kazi ya zamu tatu iliyobebwa na mtu mmoja, akaiita uzembe.

Kidonda cha kulalia hutokea pale mfupa unapoibana ngozi dhidi ya godoro hadi damu inashindwa kupita: mkiani, nyongani, visiginoni, hata kisogoni. Majimaji na kuburuzwa huharakisha. Hiyo poda ya mitishamba usiiweke, wala majivu, wala spiriti. Chemsha maji, nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, uoshee kidonda taratibu, kisha ukifunike kwa kitambaa safi hadi muuguzi akione. Na akione wiki hii. Ukiona usaha, harufu kali, nyama nyeusi, au mama amepata homa, usingoje wiki, peleka siku hiyo hiyo. Sehemu nyingine yoyote ukiikuta nyekundu au nyeusi kuliko kawaida na ukibonyeza rangi haibadiliki, usiisugue wala kuikanda, ila usimlaze tena upande huo mpaka rangi irudi. Na mlo wake uwe na cha kujenga nyama: mayai, maziwa, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa ndani ya huo mtori wake. Kidonda hakifungi kwa uji mtupu. Wakati wa kumlisha aketi wima, na abaki hivyo nusu saa baadaye. Akikohoa kila anapomeza, mwambie muuguzi, kwa sababu chakula kinaweza kuwa kinapita njia ya hewa.

Mgongo wako nao. Pandisha kitanda. Weka vipande vya gogo imara chini ya miguu yake minne hadi godoro likufike karibu na kiuno, kisukume ukutani, na upande ulio wazi uweke kizuizi mama asianguke. Kisha kunja shuka moja nene, ulitandaze chini yake kutoka mabegani hadi mapajani. Mkiwa wawili mnalishika hilo shuka pande zote, mnamwinua kidogo na kumsogeza, hamumburuzi. Ukiwa peke yako, kunja goti lake la upande wa mbali, mkono mmoja begani, mwingine nyongani, umvute kuelekea kwako. Usimlaze ubavu kabisa, maana nyonga nayo itatoboka. Mwinamishe tu, mto nyuma ya mgongo, mto katikati ya magoti. Mwulize muuguzi kuhusu usiku: kuna wagonjwa ambao, wakiwa kwenye godoro zuri, huruhusiwa kukaa zaidi ya saa mbili bila kugeuzwa. Saa nne za usingizi mfululizo zingekubadilisha wewe.

Nije kwa mumeo. Namheshimu kwa kuogopa uchi wa mama yake. Hilo si jambo la kuchekwa, na sitaki umlazimishe. Lakini mwiko ule ni wa uchi. Kijiko cha uji hakimo. Kushika ncha ya pili ya shuka wakati mama amefunikwa hakumo, kufua hakumo, wala kukaa karibu na kitanda kuanzia saa mbili hadi saa sita za usiku na kukuita tu pale anapohitaji kubadilishwa. Mwambie hivyo kwa upole mkiwa wawili, na umwambie pia kwamba siku ile alipoangalia chini mbele ya wageni alikuacha peke yako. Nadhani anajua. Wanaume wengi wanaosimama mlangoni hawakosi huruma. Wameogopa kumwona mama aliyewabeba akiwa hivyo, na mila imewapa pa kujificha.

Kuhusu kihamba, hapa nimekasirika na sitaficha. Wifi anakuambia kihamba ndicho ujira wako. Ujira gani huo unaoingia kwa jina la mtu mwingine? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini haki hiyo haijiandiki yenyewe kwenye hati. Hilo lina siku yake, sitaki ulichanganye na la mama leo. Ila usikubali tena kauli kwamba umeshalipwa.

Sasa kikao. Wewe ni mkamwana, ukikiita wewe watakuja wakiwa wamekunja ngumi. Mumeo aende kwa baba yake mdogo, au mzee mwingine wa ukoo anayesikilizwa na wifi, ili mzee ndiye aite. Na asingoje Desemba. Desemba watu wanapanda kula na kuonana, kila mmoja ana haraka. Kabla ya kikao, kwa siku saba andika kwenye daftari la shule kila unachofanya kwa mama na saa uliyokifanya, pamoja na kila shilingi ya pampasi, sabuni na dawa. Usiongeze neno la malalamiko. Daftari hilo asome baba mdogo kwa sauti yake.

Lakini lipo la kutangulia hata daftari. Baba mdogo amwombe wifi mkubwa aje alale na mama yake siku tatu. Peke yake, siyo kutembelea. Wewe nenda kwa mama yako ukalale. Mwachie karatasi: saa za kugeuza, dawa ya presha saa ngapi, uji uwe mzito kiasi gani, kidonda kinaoshwaje. Andika kama unavyomwandikia ndugu, bila kisasi, maana mgonjwa ndiye atakayeumia ukimficha jambo. Kitanda usichokilala hujui kunguni wake. Akikataa kuja, na hilo linawezekana, basi shemeji wa Arusha aje na mkewe. Arusha na Moshi si safari ya kulala njiani. Akikataa kila mtu, baba mdogo atakuwa amepata jibu la kusema kikaoni.

Kikaoni msiombe "msaada". Msaada hutolewa mtu anapojisikia. Ombeni vitu vyenye jina na tarehe. Pampasi na dawa za mwezi zigawanywe kwa watoto watano, mumeo akiwemo, zitumwe tarehe moja. Mshahara wa dada wa kuja kukusaidia mchana. Godoro la hewa, linunuliwe mara moja na wenye uwezo zaidi. Na kila miezi mitatu wiki moja ambayo mtoto mwingine wa mama analala chumba kile na wewe haupo. Asiyekuja alipe wa kumshikia zamu. Ukoo wenu mna jani la sale kwa ajili ya kuombana radhi. Sijui kama wifi atalishika mkononi, na usilifanye sharti. Maneno yake yalikuwa mabaya, lakini ukisubiri aombe radhi kwanza mama ataendelea kulala kwenye kitambaa cha shuka kuukuu.

Umeuliza pa kumpeleka. Makazi ya wazee ya serikali yapo, lakini yamewekwa kwa ajili ya wazee wasio na mtu, na mama ana watoto watano. Kinachoweza kuwafaa zaidi ni tiba shufaa. Watu wakilisikia neno hilo hudhani ni ya saratani peke yake, au ya siku ya mwisho. Ni huduma ya kupunguza mateso kwa mgonjwa yeyote wa muda mrefu, na anayemuuguza naye huulizwa hali yake. Hospitali kadhaa za KKKT, kanisa la Kilutheri, zimekuwa na timu za namna hiyo zinazofika majumbani kwa miaka mingi, na hawaulizi mtu anasali wapi. Uliza pia zahanati ya kijiji kuhusu mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mama ana zaidi ya miaka 60, na tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo. Mumeo aende kwa mtendaji wa kijiji kuulizia utambulisho wa msamaha huo. Najua msamaha huo haumbebi mgonjwa kutoka kitandani hadi hospitali, na kwa mama zenu huko mlimani hilo ndilo gumu lenyewe. Ndiyo sababu nasisitiza mtu aje nyumbani.

Na wewe, kifua kinachobana na machozi yanayotoka bila kuitwa ni ugonjwa, siyo udhaifu wa imani. Siku utakayompeleka muuguzi kwa mama, naye akupime presha wewe, umwambie yote hayo. Ukijiona umefika mahali unaweza kumpiga mgonjwa, mlaze salama, toka nje, nenda kwa jirani, umwambie "shika hapa nusu saa". Ikija fikra ya kujidhuru mwenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo, mumeo akupeleke. Kurudi kwenu sikukatazi. Ila nenda kwanza zile siku tatu, ulale, ule chakula ulichopikiwa na mtu. Uamuzi wa kuondoka uufanye ukiwa umelala.

Nimeacha swali lako la mwisho kwa makusudi. Kiharusi kilichopoozesha upande wa kulia mara nyingi hugusa ile sehemu ya ubongo inayotengeneza maneno. Mgonjwa anaweza kukosa la kusema na bado akaelewa mengi anayoambiwa. Mama aliacha kugonga usiku. Mwanangu, huyo ni mtu anayeelewa.

Padri utamwambia siku yako. Mama mkwe usimcheleweshe. Asubuhi, ukishamaliza kumwosha na kumvika, kabla ya uji, kaa upande wake wa kushoto. Weka kiganja chako juu ya ubao ule anaougonga, mkono wake juu ya wako. Mwambie: "Mama, usiku ule nilikusikia. Nilichoka, nikakuacha. Naomba unisamehe. Gonga, nitakuja, na nikishindwa mwanao atakuja." Umwambie hivyo ukiwa umeshazungumza na mumeo, ili liwe kweli. Kisha usiongeze neno. Mpe muda, anahitaji muda mrefu kuliko sisi, uone mkono ule utafanya nini.